Ridhaa

Mikono yake naijua kuliko mkewe.
Miaka kumi na tisa nimeifunga bendeji,
gumba kwanza, kisha kifundo, mara tatu,
na ule ufa wa mfupa wa kulia, wa Temeke,
naupita taratibu kama apitaye mlangoni kwa mgonjwa.

Mama yake alimwita Kondo
maana alizaliwa redio ikitangaza Kagera,
na kondo, kwa Kiswahili cha bibi zetu, ni vita.
Akakulia Keko, uani kwa mafundi samani,
akitwanga gunia lililoshindiliwa maranda.
Ukimkumbatia baada ya mazoezi
hanuki jasho. Ananuka mninga.

Siku hizo ngumi zilikuwa za ridhaa.
Neno zuri, ridhaa. La ndoa, la wazazi.
Uliridhia kuamka saa kumi ukimbie mpaka Uhasibu,
ukaridhia chai ya rangi, nusu mkate,
na kofia ya kuazima yenye harufu ya vichwa vya watu.

Walipompeleka Olimpiki walimpa suti ya bluu,
mikono yake mirefu, imemfika vidoleni.
Shangazi zake wakaikunja kwa sindano usiku kucha.
Siku ya pambano tulijazana kwa fundi Mbaraka,
uma wa kulia wali ndiyo antena,
tukamwona Kondo dakika nane.
Pointi kumi na nne kwa ishirini na moja.
Nusu ya Keko inaapa mpaka leo
kwamba jaji mmoja alikuwa akipiga miayo.

Akarudi na fulana yenye jina la nchi
na sabuni ndogo za hotelini, kumi na mbili,
akazigawa mtaa mzima.
Yangu sijaifungua.

Ndipo akaja promota, Bwana Kisanga
(jina hilo si mimi niliyempa).
Vua fulana, akasema, vua na kofia.
Glovu zitapungua, raundi zitaongezeka.
Sasa ni ngumi za kulipwa.

Kulipwa: kitenzi kilichomficha mtenda.
Magomeni, laki mbili; tukapewa themanini na ahadi.
Pambano la nne, jokofu. Halikugandisha.
La saba, Sabasaba, mkanda wa dhahabu
uliotakiwa urudishwe Jumatatu.

Lakini nisimdhulumu: usiku ule alikuwa mzuri.
Raundi ya sita alimwachia yule wa Tanga kwapa wazi,
makusudi, kama mlango wa duka,
na jamaa alipoingia akakutana na ngumi ya ini.
Alipiga magoti polepole
kama anayetafuta sarafu aliyoidondosha.
Nililia juu ya ndoo, sponji mkononi.

Baada ya hapo wakamwita ng'ambo,
notisi ya siku nne, kilo tatu juu ya uzito wake.
Kwenye bango OLIMPIKI kubwa kuliko jina:
anguko lenye historia lina bei.
Alienda mara tano. Alianguka mara tano.
Paa la bati la mama yake lilipatikana hivyo,
na ada za Sikudhani, binti yake.

Leo anashika msumeno kwa hao hao mafundi.
Mchana huniita kwa jina la marehemu kaka yangu;
naitika, inaokoa muda.

Jana Sikudhani kaja na fomu ya timu ya mkoa.
Miaka kumi na sita, kilo hamsini na moja,
jabu yake ya kushoto sitaki hata kuisimulia.
Chini kabisa kuna mstari: ridhaa ya mzazi.
Kondo akaiweka fomu juu ya ubao, akapuliza vumbi,
kidole kikalipapasa lile neno
kama anavyopapasa kingo kabla ya kupiga randa.
"Hapa," akaniuliza, "wanakusudia ridhaa ipi?"

Bendeji ilikuwa mfukoni mwangu, safi, imekunjwa.
Nikamwambia: saini, bwana. Mtoto anachelewa.